Keateka ameingia kwangu bila ruhusa akampindua buibui wangu katikati ya kujivua gamba

Jamani, nina hasira hata sijui nianzie wapi.

Wanaonijua hapa wanajua nafuga tarantula, yaani buibui mkubwa mwenye manyoya. Anaitwa Shosho. Ni Pelinobius muticus, wa huku huku kwetu Kenya na Tanzania, na kibali cha KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) ninacho. Kwa hivyo wale mnaotaka kunikumbusha Wabelgiji waliotozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja 2025 kwa kukutwa na malkia wa sisimizi kinyume cha sheria, tulieni.

Shosho hachezewi. Ukimsogelea husugua miguu ya mbele akatoa mlio kama kitunguu kikiingia kwenye mafuta moto, kisha anakuonyesha meno. Ila zaidi ya mwezi alikuwa amegoma kula. Nyenje ninaomlisha wanamkanyaga na hana habari, dalili kwamba anakaribia kujivua gamba. Nikawatoa, maana nyenje akiona njaa humtafuna buibui asiyejiweza. Udongo nilimwekea wa kina kifupi, hawezi kuchimba (kosa langu, nakubali), basi akatandika utando juu juu badala ya shimoni.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nikamkuta chali. Siku hiyo nimeingoja karibu miaka miwili! Nikaketi sakafuni na chai yangu. Gamba la mgongoni likaachia ukingoni, likainuka polepole kama kifuniko cha sufuria inayochemka. Halafu miguu. Anasukuma, anapumzika, anasukuma tena, kama mtu anayevua soksi zilizolowa, ila yeye anavua minane kwa pamoja. Inatoka imepauka, laini kama tambi. Meno yenyewe meupe pe! Chai ikaganda utando sijainywa.

Saa tano ilibaki miguu miwili tu kutoka. Nikafunga mlango, nikashuka kununua maziwa. Dakika kumi, kama zilifika.

Narudi, mlango wazi. Keateka yuko ndani na fundi wa mabomba, eti maji yanavuja kwa jirani wa chini. Hakupiga simu wala kubisha, ametumia ufunguo wake wa akiba. Na mkononi ana kizoleo cha taka, Shosho yuko juu yake, amepinduliwa kifudifudi kwa ncha ya fagio.

"Kijana wangu, mdudu wako amekufa, nilikuwa nakutolea kabla hajanuka."

Nikamwambia mzee, hajakufa, anajivua. Akamwangalia, akaniangalia mimi, akamwambia fundi, "Hawa watoto wa siku hizi." Fundi akacheka! Yaani alikuwa anangoja shukrani.

Buibui akiwa hai akalala chali, anajivua gamba. Anayekufa mara nyingi hubaki wima, miguu imejikunja chini ya tumbo kama ngumi. Nilikuwa nimebandika karatasi kwenye kioo, herufi kubwa: USIGUSE. Keateka huyo ndiye hutuandikia notisi za kodi, kusoma anajua sana.

Mguu wa nyuma wa kushoto umekatikia ndani ya gamba la zamani. Mwingine umekauka ukiwa umepinda. Mguu huota tena akijivua gamba siku zijazo, lakini kwa huyu hiyo ni miaka, si wiki. Leo ni siku ya tano. Meno yamekuwa mekundu, bado hayajawa meusi wala magumu, kwa hivyo simlishi. Maji anakunywa. Nikipita karibu hasugui tena miguu, anarudi nyuma tu pembeni, na hilo linaniuma kuliko mguu.

Mwenye nyumba nilimpigia. Jibu lake: nichague buibui au nyumba, mwisho wa mwezi. Kuhusu keateka kuingia nikiwa sipo, hata hakugusia. Na bomba, kwa taarifa yenu, bado linavuja.

Sasa naomba mambo mawili. Nani amewahi kubadilisha kufuli kwenye nyumba ya kupanga bila kugombana na mwenye nyumba, na ulifanyaje? Na kama kuna anayejua nyumba ya chumba kimoja huku Nairobi, upande wa Umoja au Donholm, ambapo keateka hubisha hodi, nitumie ujumbe.