Naomba ushauri: watoto wasiokunywa uji shuleni

Ndugu zangu, habari za majukumu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Kondoa. Nililelewa na bibi aliyeuza mkaa, na nilifika darasa la saba kwa sababu mwalimu wangu alininunulia madaftari bila kumwambia mtu. Ndiyo maana nilipopangiwa kijijini sikuomba uhamisho.

Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, lakini chakula cha wanafunzi wa kutwa kimebaki kuwa jukumu la wazazi. Hapa kila kaya huchangia debe moja la mahindi, na mvua zikikatika mapema, kama mwaka huu, wapo wasioweza kabisa. Saa nne wenzao wanapopanga foleni na vikombe vyao vya plastiki, watoto wa kaya hizo huenda nyuma ya darasa wakajifanya wanacheza. Naijua michezo hiyo, niliicheza mimi mwenyewe.

Nimekuwa nikiwalipia sita kutoka kwenye mshahara wangu. Sasa baadhi ya wazazi wamegundua na wanasema hawatachangia tena, kwa kuwa mwalimu analipa. Kamati ya shule imenitaka niache.

Walimu wenzangu mliopitia haya, mliwezaje kuwalisha watoto wa namna hii bila kuvunja mchango wa kijiji? Je, shamba la shule au wazazi kulipa kwa kuni na maji kumewahi kufanya kazi kwenu?