Mkandarasi anaishi Mbeya, mteja yuko Zambia au Malawi: njia ipi nafuu kikodi?

Isyesye_Umeme
Wakuu, naomba tulinganishe njia tatu kwa fundi umeme wa viwandani mwenye nyumba Mbeya. Kazi mbili ziko mezani, moja Kitwe (Zambia), nyingine Karonga (Malawi). Anaweza (a) kwenda kufanya kazi kule kama mkandarasi binafsi, (b) kuchora na kusimamia akiwa Mbeya, au (c) kufungua kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na mikataba iwe ya kampuni. Chukulia malipo ya shilingi milioni 60 kwa mwaka, gharama milioni 20. Pia, inasemwa kwamba ukiwa nje zaidi ya siku 183 TRA haikuhusu. Ni kweli?

Hesabu_Mwanjelwa
Mkuu, hiyo ya siku 183 inawaponza wengi. Siku 183 ni kigezo kimoja tu. Ukiwa na makazi ya kudumu Tanzania na ukakanyaga nchini hata sehemu ndogo ya mwaka, wewe ni mkaazi wa kodi. Kwa hiyo mwenye nyumba Isyesye anayekaa Kitwe siku 250 na kurudi Krismasi bado anatozwa hapa kwa mapato yake yote, ya ndani na ya nje. Na Zambia ikimwona yuko kwao siku 183 au zaidi, itamhesabu mkaazi wake pia.

Tuje kwenye hesabu, kazi ya Karonga kwa njia (a). Malawi inamkata asiye mkaazi asilimia 15 ya malipo ghafi, yaani milioni 9. Haijali gharama zako. Tanzania inatoza faida, milioni 40. Kodi ya milioni 12 za kwanza ni 1,536,000, na milioni 28 zinazobaki zinatozwa asilimia 30, yaani 8,400,000. Jumla 9,936,000. Ile milioni 9 ya Malawi inapunguzwa humo, unalipa TRA 936,000.

Kitwe ni tofauti. Kiwango cha sheria ya ndani ya Zambia ni asilimia 20 ya malipo ghafi, milioni 12. Punguzo hapa haliwezi kuzidi kodi ya Tanzania kwa mapato hayohayo, hivyo linaishia 9,936,000. Ile 2,064,000 ya juu TRA hairudishi. Kadiri gharama zako zinavyokuwa kubwa ndivyo kodi ya malipo ghafi inavyouma zaidi, kwa hiyo ipandishe bei yako kabla ya kusaini.

Tunduma_Kwetu
Naongezea upande wa Zambia. Tanzania ina mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili na Zambia, wa mwaka 1968. Na Malawi hatuna. Nafuu ya mkataba haiji yenyewe: chukua TRA cheti cha ukaazi wa kodi kabla ya ankara ya kwanza, mpe mteja ili akifikishe ZRA (mamlaka ya mapato ya Zambia). Mteja akishakata kiwango kamili, madai ya kurudishiwa yanakwenda ZRA. Kuja kulalamika ofisi ya TRA Tunduma hakusaidii, fedha haziko huku.

Halafu mteja asikugeuze mwajiriwa kimyakimya. Akikuweka kwenye orodha ya mishahara utakatwa kodi ya mshahara ya Zambia, ambayo kiwango chake cha juu ni asilimia 37. Cha kwetu ni 30.

Kyela_Mpakani
Njia (b) inaonekana nyepesi kuliko zote, lakini ndiyo ninayoiogopa. Punguzo la kodi ya nje ni kwa mapato yenye chanzo nje. Ukichora ukiwa Mbeya, TRA inaweza kusema chanzo ni hapa. Mteja wa Karonga naye amekata asilimia 15 kwa sababu yeye anaangalia nani analipwa. Unalipa 9,936,000 huku na milioni 9 kule: 18,936,000 kwa faida ya milioni 40.

Kinga yake ni karatasi. Gawa ankara mistari miwili: kazi iliyofanyika eneo la mradi Karonga, na tarehe zake, halafu michoro iliyofanyika Mbeya, na bei yake. Ambatanisha nakala za mihuri ya mpaka wa Kasumulu kwenye pasipoti. Ankara iliyoandikwa "huduma za kiufundi" tu, kwa jumla moja, haina pa kushika.

Hesabu_Mwanjelwa
@Kyela_Mpakani sawa, ila hoja ya chanzo ina pande mbili. Katika kesi ya kampuni ya mafuta ya Tullow dhidi ya TRA, Mahakama ya Rufani iliona huduma ya mtoa huduma wa nje imetolewa Tanzania kwa kuwa aliyeipokea yuko Tanzania. Kwa mantiki hiyo michoro iliyopokelewa Karonga nayo ingeweza kudaiwa kuwa na chanzo nje. Nisingejenga hesabu ya mwaka juu ya hoja hiyo. Kama fedha ni nyingi, omba uamuzi wa maandishi wa Kamishna Mkuu kabla ya kuanza kazi.

Mafinga_Mizani
Kampuni: asilimia 30 ya faida, halafu ukijilipa gawio asilimia 10 ya kinachobaki. Kwa kila 100 ya faida inatoka 37, na unapoteza viwango vya chini vya mtu binafsi. Kwa faida ya milioni 40 sioni sababu, isipokuwa mteja anakataa kuajiri mtu binafsi au unataka kuweka faida ndani ununue vifaa. Kosa baya ni mkataba wa kampuni, malipo akaunti binafsi, na cheti cha zuio (uthibitisho wa kodi aliyokata mteja) chenye jina la tatu.

Isyesye_Umeme
Shukrani. Je, ule mfumo wa kulipa kodi kwa mauzo yasiyozidi milioni 100 hautufai?

Hesabu_Mwanjelwa
Hapana. Ule ni kwa mtu ambaye mapato yake yote ni ya biashara yenye chanzo Tanzania. Ankara moja ya kazi ya Kitwe inakutoa humo. Utafanya makadirio na kulipa kwa awamu: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba, 31 Desemba. Ritani ya mwisho ni 30 Juni ya mwaka unaofuata.

Iringa_Kodi_na_Kompyuta
Kwa wanaoandika programu kwa wateja wa Marekani: kazi inayofanyika Tanzania si mapato ya chanzo cha Marekani, hivyo wasikate kitu. Jaza W-8BEN, fomu ya Marekani ya kuthibitisha kwamba wewe si mlipa kodi wao. Sehemu ya mkataba wa kodi iache wazi, hatuna mkataba nao. Fomu inaisha nguvu mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini, na ikiisha mteja anaweza kukata asilimia 30. Huku unatozwa kama kawaida.

Tunduma_Kwetu
La mwisho kwa Isyesye: dai cheti cha zuio kila malipo yanapoingia, usisubiri Desemba. Karatasi ya benki inaonyesha ulipokea pungufu tu, haithibitishi kwamba kodi ilifika ZRA au MRA (mamlaka ya mapato ya Malawi). Kagua jina, namba ya mlipa kodi, kiasi cha kwacha na tarehe. Kisha badili kuwa shilingi kwa kiwango cha tarehe ya muamala, na uangalie ni kwacha ya nchi gani, maana ya Zambia na ya Malawi thamani zake ziko mbali sana. Nyaraka zote zitunze miaka 5.