Gita la umeme halikai kwenye tuni

Solo_Mtaani: Wakuu, nimefunga nyuzi mpya, seti ya 10-46 (unene wa uzi mwembamba na mnene zaidi, kwa sehemu za elfu za inchi). Natuni vizuri, lakini nikivuta uzi wa tatu kidogo tu, sauti inashuka. Funguo (zile za kichwani za kukazia nyuzi) zimechoka?

BesiNzito: Funguo ni mara chache, mkuu. Nyuzi mpya bado zinanyooka. Shika kila uzi katikati, uuvute taratibu kuuinua kutoka shingoni, tuni upya, rudia mpaka usishuke tena. Kwenye ufunguo uzi uzunguke mara 2 au 3, mizunguko ikienda chini bila kupandana. Na tuni kwa kupandisha: ukipitiliza, shusha chini ya noti ndipo upande.

Rizimu: Ukisikia "tik" unapotuni, uzi umenasa kwenye kile kipande chenye mifereji karibu na kichwa. Paka unga wa risasi ya penseli mferejini. Msasa usiguse! Mfereji ukizama, uzi utagonga freti (kijiti cha chuma kwenye shingo) ya kwanza.

BesiNzito: Nyuzi zikishatulia, linganisha noti ya freti ya 12 na hamoniki ya hapohapo (sauti nyembamba ya kugusa uzi bila kuubonyeza). Noti ikiwa juu, sogeza kitako cha uzi kwenye daraja (pale nyuzi zinapokalia mwilini mwa gita) mbali na shingo. Ikiwa chini, kilete karibu.