Naomba ushauri: niwaambie wenzangu kuwa niliwahi kufungwa?

Habari zenu wakuu. Nina miaka 24. Nikiwa na 19 nilifungwa miaka 3 kwa wizi wa pikipiki (sikusingiziwa, niliiba kweli). Nikapunguziwa theluthi, nikatoka baada ya miwili.

Useremala nilifundishwa humo ndani na mfungwa mmoja mzee. Nilipotoka, fundi aliyekuwa rafiki wa marehemu baba akanipokea huku Morogoro. Siku ya tatu tu akanirushia funguo za karakana: "Kesho fungua wewe, mimi nitachelewa." Usiku ule sikulala, funguo ziko chini ya mto.

Sasa tuko vijana watano, tunaunda kikundi tuombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vijana. Wanataka niwe mweka hazina. Hawajui lolote. Fundi anasema niwaambie kabla hatujasaini katiba. Mama anasema nifunge mdomo, watanikimbia. Katiba tunasaini Jumamosi.

Aliyewahi kupitia haya, ulisemaje? Uliwaambia wote pamoja, au ulianza na mmoja? Au niukatae tu uweka hazina?