Tumefunga mwamba na tunahesabu samaki, sasa watu wanataka ufunguliwe. Tuzisomeje takwimu zetu?

Katibu_Diko:

Assalaam aleikum wakubwa na wadogo zangu. Mimi ni katibu wa kamati ya wavuvi katika shehia moja ya magharibi ya Pemba, ndani ya hifadhi ya Mkondo wa Pemba, hii PECCA iliyotangazwa 2005. Nakuombeni ushauri, jambo limeanza kutugawa.

Shehia ilikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wetu. Kipande kimoja hakivuliwi kabisa, chombo kinapita tu. Kipande chengine ni cha pweza, tunakifunga miezi mitatu kisha tunakifungua. Tangu mwanzo tunaweka kumbukumbu. Vijana wanaojua kuzamia wanatandaza kamba chini, wanaifuata taratibu na kuandika kwenye kibao cha plastiki kila chewa, changu, tasi na pono wanaomwona kulia na kushoto. Na bwana diko, msimamizi wa diko yaani pale vyombo vinaposhusha samaki, ana daftari lake la samaki wanaoshushwa.

Sasa hesabu hizi mbili hazisemi kitu kimoja. Vijana wanasema ndani ya hifadhi chewa wamekuwa wakubwa na hawakimbii mtu. Daftari la bwana diko linaonesha kilo zinazoshuka hazijapanda, na miezi mengine zimepungua. Kwenye mkutano mzee mmoja alisimama akasema, "Samaki wenu wa kwenye karatasi hawaliwi." Watu wakapiga makofi. Nusu wanataka tufungue kote, wengine wanataka tuongeze eneo.

Tuangalie hesabu ipi? Na tukishaiangalia, tunatokaje hapo mpaka kwenye uamuzi wa nyavu, wa pweza na wa ukubwa wa eneo?

Nahodha_Mkoani:

Waaleikum salaam katibu. Kwanza nikuulize: hilo daftari linaandika kilo peke yake, au na idadi ya vyombo, watu na mtego uliotumika?

Kilo peke yake zinadanganya. Tuseme siku moja ya zamani zilishuka kilo 60 kwa vyombo 10. Mwaka huu siku kama ile zimeshuka kilo 90 kwa vyombo 30. Daftari litasema mambo mazuri, samaki wameongezeka. Lakini kila chombo kilikuwa kinapata kilo 6, leo kinapata 3. Huo mwamba unachoka. Na kinyume chake pia kinawezekana: kilo zimepungua diko zima kwa sababu watu wamehamia kwenye dagaa au mwani, na waliobaki kila mmoja anapata zaidi kuliko zamani. Kabla hujaamua lolote, gawa kilo kwa vyombo, na usichanganye mtego na mtego. Dema (mtego wa kusuka) na dema, mshipi na mshipi, nyavu na nyavu.

Tena linganisha bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, na bamvua, na maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, na maji mafu. Kusi likivuma ngalawa nyingi hazitoki, kwa hiyo ukiweka mwezi wa kusi mbele ya mwezi wa kaskazi utapata tofauti ambayo hifadhi haihusiki nayo.

Bi_Mchokoo:

Mwanangu katibu, salaam. Mimi nimechokoa pweza tangu niko msichana, nina jambo ambalo sijaona mtu kulitaja.

Bwana diko anasimama pale vyombo vinapofunga. Sisi wanawake tunarudi kwa miguu maji yakianza kujaa, tunapita njia ya mikoko, pweza wetu tunamuuza kwa mchuuzi anayetungoja pwani au tunakwenda kupika. Chaza na kombe vivyo hivyo. Hakuna anayetupimia. Kwa hiyo daftari lenu ni la wanaume wenye vyombo, ndilo mnaloamulia mwamba tunaotembea sisi. Mwenye mashua mwamba ukifungwa anakwenda kwengine. Mimi nisiye na chombo nakwenda wapi?

Sisemi mfungue. Faida ya kufunga nimeiona mwenyewe, pweza aliyeachwa miezi mitatu si yule wa kila siku. Nasema mumuweke binti mmoja na mzani pale tunapotokea, aandike pweza mmoja mmoja na uzito wake, na nani kamchokoa. Hapo ndipo mtajua mwamba ule unamlisha nani.

Mwanafunzi_wa_Bahari:

Bibi kasema neno kubwa, na mimi nimeshika palepale. Nasoma sayansi ya bahari hapa Unguja.

Kaka katibu, pweza na chewa haviamuliwi pamoja. Pweza anakua haraka mno na maisha yake ni mafupi, mwaka au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja, hukaa tunduni akilinda mayai bila kula, yakianguliwa naye hufa. Ndiyo maana miezi mitatu inatosha kuona tofauti ya uzito. Chewa ni jambo jengine. Anachukua miaka kufika umri wa kuzaa, na chewa wengi huanza wakiwa majike, wakishakuwa wakubwa ndiyo hugeuka madume. Kile kipande mlichokifunga moja kwa moja mkikifungua leo, wale wakubwa vijana waliowaona watamalizika kwa muda mfupi, na kuwarudisha mtaanza upya kwa miaka.

Halafu vijana wenu wanahesabu ndani tu au na nje? Wakihesabu ndani peke yake hamtajua kama samaki wamezidi kwa sababu ya kufunga au mwaka umekuwa mzuri kote. Chagueni mwamba mmoja usiofungwa, wenye kina na mkondo unaofanana, muuhesabu kwa kamba ileile na msimu uleule. Na waandike urefu, si idadi tu. Samaki wakizidi ndani, kwanza hubaki mlemle. Dalili za kutoka mtaziona mpakani, kwa hiyo bwana diko aandike pia samaki kavuliwa wapi. Madema yaliyotegwa karibu na mpaka yakianza kuleta changu wakubwa kuliko ya mbali, mzee wenu aliyesimama mkutanoni atakuwa amepata jibu lake.

Muandike na hali ya matumbawe. Mwaka 2016 yalipauka sehemu nyingi za bahari yetu kwa joto la maji, na 2024 tena. Matumbawe yakifa samaki hupungua hata kusipovuliwa, na hapo watu watailaumu hifadhi bure.

Kombo_Wete:

Mnasema maneno ya kitaalamu, lakini mnasahau dago. Wanakuja watu na vyombo vikubwa, wanapiga kambi, usiku wanaingia palepale tulipokatazwa sisi wenyeji. Asubuhi wameshaondoka. Mimi naona mfungue, kama hamuwezi kulinda mnamlindia nani? Mwenyeji anakaa na njaa ili mgeni avue.

Nahodha_Mkoani:

Kombo ndugu yangu, uchungu wako ni wa haki, lakini dawa yake siyo kufungua. Doria nayo ni takwimu. Kila anayeonekana ndani aandikwe: siku, saa, chombo cha aina gani, mtego gani, ametoka wapi. Chumbe, kile kisiwa kidogo karibu na Unguja, mwamba wake umefungwa tangu 1994, walinzi wake walitokana na wavuvi wa vijiji vya jirani, na kazi yao mojawapo ni kuandika kila chombo kinachoingia. Ukiwa na daftari kama hilo unakwenda Idara ya Uvuvi na jambo la kushika mkononi, si malalamiko. Na ukiona samaki ndani hawaongezeki, utajua kama sababu ni wizi au ni kitu chengine. Pia wavuvi wa dago wawe na ukurasa wao, wasichanganywe na wenyeji, maana kilo zao zinavuruga hesabu yote.

Katibu_Diko:

Nashukuru sana nyote, na Bibi nakushukuru kipekee, nimelisoma neno lako mbele ya kamati usiku wa jana. Daftari letu lina idadi ya vyombo, lakini hakuna aliyewahi kuigawia kilo. Tumekaa tukagawa kwa dema peke yake. Kila chombo kinapata karibu na kile cha zamani, hakijashuka. Kilichopungua ni vyombo vyenyewe, vijana wengi wamekwenda kwenye dagaa. Wanakamati waliokuwa wanataka tufungue kote wamenyamaza kidogo, ingawa hawajaridhika.

Tumekubaliana kumtafuta binti wa kupima pwani. Nililobakia nalo ni hili: mkutano ujao watu watauliza tutafungua lini.

Mwanafunzi_wa_Bahari:

Msiende na tarehe, nendeni na masharti, na myapitishe kabla ya hesabu ijayo, wakati hakuna anayejua itasemaje. Kwa mfano: pato la dema kwa chombo likishuka misimu miwili ya kaskazi mfululizo na samaki wakawa wadogo, tunapanua macho ya dema na kupunguza idadi yake. Pweza waliopimwa siku ya kufungua wakiwa wengi wadogo, kufunga kunakofuata kunasogezwa mwezi mmoja. Kipande cha kudumu hakizungumzwi mpaka hesabu ya ndani na nje ipatikane kwa miaka kadhaa. Yaandikeni, sheha aweke mhuri, yabandikwe dikoni.

Bi_Mchokoo:

Na siku ya kufungua pweza muitazame vizuri. Watu hujaa kutoka kila kijiji, wakafagia kwa siku mbili kilichongojewa miezi mitatu. Wekeni kima: pweza mdogo arudishwe, na bamvua la kwanza liwe la wenye mchokoo tu, wanaochokoa pweza kwa miguu, wazamiaji wafuate bamvua la pili. Na yule binti wa mzani awepo tangu alfajiri, kabla maji hayajakauka.

Katibu_Diko:

Nimeandika yote, Bibi. La bamvua la kwanza nitaliomba liwe ajenda ya mwanzo. Kombo, ukiwa tayari, doria inahitaji mtu anayejua njia za dago. Nitakutafuta.