Slaidi safi, seli pembeni tu: nimekosea wapi na njia ya kimiminika?

JichoKwenyeLenzi:
Wadau wa maabara, salaam. Miaka tisa nimesoma slaidi za mlango wa kizazi, za kutafuta dalili za saratani, seli zikipakwa kwa mkono moja kwa moja kwenye kioo. Miezi minne sasa tumehamia njia ya kimiminika, ile ya chujio: seli zinatiwa kwenye chupa ya kihifadhi, kisha zinachujwa na kuhamishiwa kwenye duara la slaidi. Slaidi zinatoka safi mno. Ila wiki iliyopita moja ilininyima usingizi: katikati ya duara peupe, seli zimejipanga ukingoni kama pete. Nilipita nyanja kumi (sehemu zinazoonekana kwa mara moja kwenye lenzi) kwa lenzi ya 40, ukingo hadi ukingo, nikapata wastani wa seli mbili tu kwa kila uwanja. Kimiminika kilichobaki chupani kina rangi ya kutu. Niandike haifai, mama wa watu arudi kupimwa upya?

Na kuna linaloniuma zaidi. Kwenye slaidi nyingine, mwenzangu aliyerudia kusoma aliona seli tano ndogo, mojamoja, viini vikubwa vyenye kingo zilizokunjamana. Mimi nilizipita. Hivi njia hii inaongeza usahihi kweli?

Saito_Fundi:
Dada, chupa usiitupe! Pete hiyo ni damu: imeziba chujio kabla seli hazijatosha. Kama kipimo cha HPV (kirusi kinachosababisha saratani hiyo) kitafuata, tenga kwanza sehemu yake. Kinachobaki kizungushe kwenye sentrifuji (mashine inayozungusha kwa kasi ili seli zitue chini), mwaga maji ya juu, osha kwa mchanganyiko wa kihifadhi sehemu tisa na asidi ya asetiki kali sehemu moja, zungusha tena, kisha rudisha seli kwenye kihifadhi kipya na utengeneze slaidi ya pili. Ulizia pia jeli ya kulainishia, maana nyingine huziba chujio vilevile.

MsomajiMzee:
Kuhusu usahihi nitasema wazi, maana wengi tuliahidiwa makubwa. Italia mwaka 2007 walilinganisha njia hizi mbili kwa wanawake zaidi ya 45,000. Uholanzi mwaka 2009, karibu 90,000. Kugundua mabadiliko makali ya seli yanayotangulia saratani hakukutofautiana kwa maana. Italia sampuli zisizofaa zilipungua, na hiyo ni faida kubwa: wanawake wachache wanaitwa tena, na chupa ileile inapima HPV.

Sasa hizo seli tano. Kwenye kupaka kwa mkono tulizoea kuziona zimeburutwa kwa mstari kwenye ute, jicho likafuata mstari. Kwenye kimiminika zinatawanyika popote, zinajiviringa, zinasinyaa, na kiini hakikolei rangi kama zamani. Usizitafute kwa weusi. Tazama ukingo wa kiini, na ulinganishe kiini na ukubwa wa seli nzima. Pita hata nafasi tupu kati ya mafungu, ndiko zinakojificha. Tena kumbuka: kigezo cha angalau seli 5,000 ili slaidi ihesabiwe inafaa ni cha slaidi isiyo na seli za kutilia mashaka. Ukiona hata seli chache zenye kasoro, usiandike haifai, ripoti ulichoona.

JichoKwenyeLenzi:
Asanteni sana. Nimeosha leo asubuhi: katikati pamejaa, wastani seli tisa kwa uwanja, hakuna kasoro. Mama harudi. Nimeshuka pia kwa muuguzi anayechukua sampuli. Kumbe brashi alikuwa anaichovya mara moja na kuitoa. Tumesimama pamoja, akaikandamiza kwenye kitako cha chupa mara kumi, nywele zikipanuka, mwisho akaizungusha kwa nguvu. Maji yakabadilika ukungu mbele yetu. Slaidi zangu za miezi minne naanza kuzirudia kesho, kuanzia zile nilizoandika hazina tatizo.