Tupeane uzoefu: mwenyekiti wa jumuiya ya mtaa akikataa kuitisha mkutano, mnafanyaje?

Mwanzisha Mada
Ndugu zangu, nawasalimu. Jumuiya yetu ya mtaa imeunda kamati ndogo ya kupitia upya katiba, nami ni mmoja wa wajumbe wake. Kikao cha kwanza kizima kimeishia kwenye ibara moja, ile inayosema kwamba mkutano mkuu utaitishwa na mwenyekiti, bila kueleza kitakachofuata iwapo mwenyekiti hataki kuuitisha. Baadhi ya wenzangu wanasema jambo hilo halihitaji kuandikwa kwa sababu viongozi wetu ni waungwana. Ni waungwana kweli, lakini naamini ibara hiyo itakuja kutafutwa siku ambayo uungwana umeshaondoka, na siku hiyo haitakuwa rahisi kukubaliana kuiandika. Naomba mtueleze: kwenu nani anaitisha mkutano, nani anashika fedha, nani anahesabiwa kuwa mwanachama, na mambo yalipoharibika mlijinasua vipi?

Katibu Mstaafu
Swali lako limenikumbusha mgogoro ambao haukuhusu fedha wala cheo, ulihusu muhtasari wa kikao. Kabla sijapokea ukatibu, mkutano mkuu wetu ulikuwa umekubali kupandisha ada ya mwezi, au ndivyo baadhi ya wanachama walivyosema. Wengine walikumbuka kwamba jambo hilo lilijadiliwa tu na kuahirishwa. Muhtasari wenyewe ulisema hivi: "Wajumbe walichangia kwa kina suala la ada." Kwa sentensi hiyo moja nyumba nyingi ziliacha kulipa ada mpya, nyingine zikaendelea kulipa, na majirani wakaanza kuitana wezi na wakaidi.

Nilipokabidhiwa kazi hiyo niliweka utaratibu ambao nauombea kila jumuiya. Muhtasari usiandike nani alisema nini kwa ukali gani. Uandike hoja ilivyotamkwa, aliyeitoa, aliyeiunga mkono, kura za ndiyo, za hapana na wasiopiga, na tarehe uamuzi unapoanza kutumika. Usambazwe mapema wakati kumbukumbu za watu zingali safi, kisha kikao kinachofuata kiusome, kiurekebishe na kiuthibitishe kabla ya kuingia kwenye yatokanayo. Muhtasari ambao haujathibitishwa ni maelezo ya katibu tu.

Jirani Mwema
Nakuunga mkono Katibu Mstaafu, kwetu pia tuligombana mwaka mzima kwa sababu ya sentensi ya namna hiyo.

Mweka Hazina
Mimi nitazungumzia fedha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu hadi sasa. Anayepokea michango asiwe ndiye anayeidhinisha matumizi, na wala asiwe ndiye anayekagua hesabu. Watia saini wa akaunti wawe watatu, na kila malipo yahitaji saini za wawili kati yao, ili mmoja akisafiri au akiugua kazi isisimame. Wakaguzi wa ndani wachaguliwe na mkutano mkuu kutoka miongoni mwa wanachama wasiokuwa kwenye kamati, na taarifa yao wapeleke kwenye mkutano mkuu moja kwa moja bila kupitia kwa mwenyekiti. Tena mwanachama yeyote aruhusiwe kuona daftari la fedha kwa kuomba tu, bila kuulizwa anataka kuliona kwa nini. Hili la mwisho ndilo ninaloliombea zaidi, maana mweka hazina mwaminifu hulindwa na daftari lililo wazi kuliko anavyolindwa na sifa yake.

Mpangaji wa Miaka Mingi
Kabla hamjafika mbali, naomba mjibu swali la nani ni mwanachama. Ninapoishi nalipa ada ya ulinzi na ya taka kila mwezi bila kukosa, lakini katiba inasema mwanachama ni mwenye nyumba. Mwenye nyumba wangu haishi hapa, hajawahi kuhudhuria kikao, na hajui hata lango linafungwa saa ngapi. Yeye ana kura, mimi sina. Kila mara akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa ili mkutano uwe halali, inaposhindikana mnalalamika kwamba watu hawajali, wakati wanaojali wameachwa nje ya daftari.

Mwenye Nyumba
Naomba nitofautiane nawe kwa heshima. Mpangaji anaweza kuhama mwezi ujao, na deni la jumuiya, au mkataba mbaya uliosainiwa kwa kura yake, litabaki kwa mwenye mali. Si haki mtu apige kura ya kujenga ukuta kisha aondoke kabla ukuta haujalipwa.

Mpangaji wa Miaka Mingi
Na je, ni haki mtu ambaye halali hapa apige kura ya kupunguza walinzi?

Katibu Mstaafu
Kwetu tulizigawa hoja. Mambo ya kila siku, kama usafi, ulinzi, ratiba ya lango na uchaguzi wa kamati, hupigiwa kura na kila kaya inayoishi mtaani, kura moja kwa kaya. Mambo yanayogusa ardhi, majengo ya pamoja na mikopo hupigiwa kura na wenye nyumba. Mpaka kati ya mafungu hayo mawili huleta ubishi mara chache, na kila ubishi tunautatua na kuuandika.

Mwenye Nyumba
Hilo naweza kulikubali, ila uchaguzi wa kamati ungebaki kwa wenye nyumba.

Aliyebaki Ukumbini
Nimesita kuandika haya kwa sababu waliohusika bado ni majirani zangu, lakini swali la nani aitishe mkutano ndilo lililotugawa sisi, na mtu anayeandika katiba anapaswa kujua linavyoweza kwenda.

Muhula wa kamati yetu ulikuwa umekwisha tangu mwaka uliotangulia. Mwenyekiti alisema uchaguzi utafanyika hesabu zitakapokamilika, na mweka hazina akasema hesabu zitakamilika kamati mpya itakapoingia. Hatimaye mkutano mkuu uliitishwa, na ajenda yake ilikuwa taa za barabarani peke yake. Tulipofika kwenye mengineyo, mama mmoja, mkazi wa siku nyingi anayeheshimiwa na wote, alisimama na kuomba kwa adabu taarifa ya fedha isomwe. Mwenyekiti akajibu kwamba jambo hilo halimo kwenye ajenda. Mwanachama mwingine akatoa hoja ya kutokuwa na imani na kamati, nayo ikaungwa mkono kwa sauti nyingi. Hapo mwenyekiti alitamka kwamba mkutano umeahirishwa hadi itakapotangazwa tena, akachukua muhuri, daftari la wanachama na ufunguo wa ofisi, akatoka na nusu ya kamati yake.

Tuliobaki ukumbini tulikuwa wengi kuliko waliotoka, lakini hakuna aliyeweza kusema kama tulitimiza akidi, kwa kuwa daftari lililoonyesha idadi ya wanachama lilikuwa limeondoka naye. Tulichagua kaimu mwenyekiti na kamati ya muda, tukaiandikia benki. Mwenyekiti wa zamani naye akaiandikia benki, tena barua yake ikiwa na muhuri. Benki ilipopata barua mbili zinazopingana ilifunga akaunti hadi tukubaliane ni nani anayeiwakilisha jumuiya, na kwa kweli sikuona ingefanya nini kingine.

Kuanzia hapo kila kitu kilichotegemea malipo kilisimama. Taka zilirundikana, na walinzi waliokosa ujira waliondoka. Kwa kuwa lango lilibaki bila mlinzi, kamati ya muda ikaweka kufuli na kugawa funguo kwa wanaoiunga mkono. Kesho yake upande wa pili ukaweka kufuli lake juu ya lile la kwanza. Mchana watu walikuwa wakifunguliana, kwa manung'uniko lakini wakifunguliana. Kisha usiku mmoja jirani yetu alizidiwa na ugonjwa, na gari lililokuja kumchukua likasimama nje ya lango huku watu wakikimbia nyumba kwa nyumba kutafuta mtu mwenye ufunguo wa upande huu na mwingine mwenye ufunguo wa upande ule. Mwishowe vijana walizivunja kufuli zote mbili kwa nyundo. Mgonjwa alifika hospitali akiwa hai, akapona, na namshukuru Mungu kwa hilo kila ninapopita pale.

Asubuhi yake pande zote mbili zilikubali kukaa mbele ya hakimu mstaafu asiye mkazi wa mtaa wetu. Hakuuliza nani ana haki; aliuliza nani ni mwanachama, na hatukuwa na jibu. Basi kila upande ukatoa mtu mmoja, wakapita pamoja kila nyumba kuandika daftari jipya, likabandikwa hadharani ili mwenye pingamizi alitoe, na ndipo uchaguzi wa kura ya siri ukafanyika. Kazi ya daftari ilichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine zote.

Nimalizie na hesabu, maana najua mtauliza. Ukaguzi haukukuta wizi. Fedha zilitumika kwa mambo ya mtaa, ila sehemu kubwa ya malipo haikuwa na risiti, na ukarabati mmoja ulifanyika bila idhini ya kikao. Mwenyekiti alikuwa ameogopa kusoma hadharani hesabu zilizovurugika, na kwa hofu hiyo tulifikia kuweka kufuli mbili kwenye lango moja.

Jirani Mwema
Nimesoma hadi mwisho nikajikuta nashindwa kuendelea na kazi. Poleni sana.

Mweka Hazina
Risiti, ndugu zangu. Risiti.

Mwenye Nyumba
Pole, lakini ukweli lazima usemwe: ninyi mliobaki ukumbini hamkuwa na mamlaka. Mwenyekiti akiahirisha mkutano, mkutano umekwisha, na lolote linalofanyika baada ya hapo ni mazungumzo ya majirani.

Aliyebaki Ukumbini
Kwa hiyo mtu anayeshtakiwa kwa hoja anaweza kuizima hoja hiyo kwa kusimama na kuondoka? Ikiwa ndivyo, hakuna kamati itakayoondolewa kamwe.

Msomaji wa Kanuni
Naomba niingie hapa, kwa kuwa swali hili ni la zamani. Mwaka 1863 mhandisi wa jeshi la Marekani aitwaye Henry Martyn Robert aliombwa kuongoza mkutano mjini New Bedford, ukamshinda, na aibu ile ikamfanya asome taratibu za mikutano kwa miaka mingi. Mwongozo aliouchapisha mwaka 1876 bado unatumiwa na vyama na jumuiya nyingi. Kwa taratibu hizo, mwenyekiti hana uwezo wa kufunga mkutano kwa matakwa yake wakati wanachama bado wana shughuli mbele yao. Kuahirisha ni hoja, na hoja hupigiwa kura. Akiondoka, makamu wake huchukua kiti, na makamu asipokuwepo wanachama huchagua wa kuongoza kwa muda.

Hata hivyo Mwenye Nyumba hajakosea kabisa. Kwa taratibu hizohizo, mkutano uliopungukiwa akidi hauwezi kupitisha uamuzi wa maana. Unaweza kupanga siku nyingine, kuahirishwa, au kutafuta wajumbe wa kutimiza idadi. Pale katiba isipotaja akidi, mwongozo unahesabu zaidi ya nusu ya wanachama wote, jambo ambalo jumuiya nyingi za mtaa haziwezi kulitimiza. Kwa hiyo kosa kubwa katika simulizi hii ni kuwa na daftari moja, mikononi mwa mtu mmoja.

Mwenye Nyumba
Nakubali kuhusu hoja ya kuahirisha. Kuhusu barua kwa benki, bado nasema waliharakisha.

Mkazi wa Kona
Kwetu dawa ni rahisi: asiyelipa ada anafutwa kwenye daftari. Akidi inashuka, vikao vinatimia, na watu hulipa haraka uchaguzi unapokaribia.

Mpangaji wa Miaka Mingi
Na kamati inayotaka kushinda uchaguzi itawafuta wapinzani wake kwanza. Ni hatari kubwa hiyo.

Msomaji wa Kanuni
Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobeli ya Uchumi, mwaka 2009, alichunguza jamii zilizoweza kutunza mifereji, misitu na malisho ya pamoja kwa vizazi. Alikuta kwamba zilizodumu zilikuwa na adhabu zinazopanda ngazi kwa ngazi, zikianza na onyo jepesi, na zilikuwa na mahali pa karibu na pasipo gharama pa kusikiliza migogoro. Mjini Valencia, Hispania, wakulima huchagua wenzao wanaosikiliza kesi za maji kila Alhamisi mbele ya mlango wa kanisa kuu, kwa mdomo. Mwenye deni apewe kwanza ukumbusho, kisha nafasi ya kulipa kwa awamu, kisha asimamishwe kupiga kura hadi alipe, na awe na pa kukata rufaa mbele ya watu wasio kwenye kamati. Kumfuta kunamtoa nje ya jumuiya huku taka zake zikibaki ndani ya mtaa.

Katibu Mstaafu
Ukomo wa muhula nao usisahauliwe. Katiba iseme kwamba muhula ukiisha bila uchaguzi, kamati inabaki na kazi za kila siku tu, bila kusaini mikataba mipya.

Mkazi wa Kona
Mkiandika kila kitu mtapata katiba ambayo hakuna atakayeisoma. Yetu ina kurasa mbili na tunaishi vizuri.

Mwanzisha Mada
Nawashukuru sana. Baada ya kusoma haya nimeandika rasimu nitakayoipeleka kwenye kamati yetu: "Mwenyekiti ataitisha mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka. Theluthi moja ya wanachama wanaweza kumwomba kwa maandishi aitishe mkutano mkuu maalumu, wakitaja ajenda. Asipouitisha ndani ya siku 21, waombaji watauitisha wenyewe kwa taarifa ya siku 14 kwa kila mwanachama, na mkutano huo utachagua mtu wa kuuongoza. Nakala za daftari la wanachama zitatunzwa na katibu, mweka hazina na wakaguzi, na daftari litabandikwa hadharani kila mwaka kabla ya mkutano mkuu." Naomba mniambie ina tundu gani.

Aliyebaki Ukumbini
Baada ya "theluthi moja ya wanachama" ongeza "walioandikwa kwenye daftari lililobandikwa mara ya mwisho." La sivyo, mwenyekiti atapokea barua yenu na kuwajibu kwamba theluthi haijatimia, kwa kuwa ameandikisha wanachama wapya jana.